Hita ya Maji ya Gesi Ikikataa Kuwaka: Namna ya Kutafuta Hitilafu Katika Mfumo Wake wa Kielektroniki

Hita ya maji ya gesi inapokataa kuwaka, wa kwanza kulaumiwa huwa ni bodi ya umeme, pengine kwa sababu ndiyo sehemu ambayo mwenye nyumba haioni ikifanya kazi, na fundi mwenye haraka hana namna ya kuthibitisha kwa macho kama ni nzima. Hununuliwa nyingine, hufungwa, na hita hubaki vilevile. Nimeliona jambo hili mara nyingi, na karibu kila mara hitilafu haikuwa ndani ya bodi hata kidogo, bali katika vitu vinavyoipelekea taarifa: betri, sensa ya maji, elektrodi ya kuhisi moto (pini ya chuma inayokaa ndani ya mwali), swichi za usalama au waya wa ethi, yaani ule unaounganisha bodi na mwili wa chuma wa hita.

Bodi ya hita ni bawabu. Haifungui gesi mpaka ijibiwe maswali yake kwa mpangilio maalumu: je, maji yanapita? Je, swichi za joto na za moshi ziko salama? Je, cheche imetoka? Je, mwali umeonekana ndani ya sekunde chache? Jibu moja likikosekana, bodi hufunga gesi na kusimama, na kwa kufanya hivyo inakuwa imetimiza wajibu wake. Kazi ya anayetafuta hitilafu ni kujua ni swali lipi ambalo halikujibiwa.

Kabla ya kufungua kifuniko

Gesi ya majumbani hutiwa harufu kali makusudi ili ivujapo itambulike. Ukisikia harufu hiyo karibu na hita, acha kila kitu kilichomo katika mwongozo huu. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya umeme, usiwashe kiberiti, funga gesi kwenye mtungi au kwenye bomba kuu ikiwa unaweza kufika salama, fungua milango na madirisha, toka nje pamoja na wote waliomo, kisha upige simu ya kuomba msaada ukiwa huko nje. Kumbuka kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia sakafuni na kwenye mashimo hata baada ya harufu kupungua usawa wa pua, ilhali gesi asilia ni nyepesi na hupanda kuelekea darini.

Hatari ya pili haina harufu wala rangi, nayo ni monoksidi ya kaboni, ambayo huzalishwa gesi inapoungua bila hewa ya kutosha au moshi unaposhindwa kutoka. Mtu akipata kizunguzungu, kichwa kikimuuma au kichefuchefu kikimjia kila hita inapowaka, na nafuu ikaja akitoka nje, hita hiyo izimwe na isiwashwe tena mpaka njia ya moshi ikaguliwe na mtu mwenye ujuzi.

Mwongozo huu unaishia upande wa umeme mdogo na taarifa. Mabomba ya gesi, mwili wa vali ya gesi na urekebishaji wa shinikizo ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa, na katika nchi nyingi sheria hairuhusu mtu mwingine kuigusa. Utahitaji multimita (kifaa cha kupimia umeme), bisibisi, betri mpya, brashi laini, kitambaa kikavu, na maji ya sabuni kwa ajili ya kukagua uvujaji. Kama hita inatumia umeme wa nyumba, chomoa plagi kabla ya kugusa waya wowote wa ndani. Waya wa cheche usiushike wala usijaribu kuupima kwa multimita, kwa sababu cheche hubeba maelfu ya volti na huharibu kipimo papo hapo.

Tambua kwanza hita yako inapata wapi umeme

Hatua hii huchukua dakika moja na huokoa saa nzima. Hita za papo hapo zisizo na tangi, zile ndogo zinazoning'inizwa ukutani, mara nyingi hutumia betri mbili kubwa za volti 1.5 kila moja, kwa hiyo jumla ni volti 3. Nyingine za papo hapo, hasa zenye feni ya kusukuma moshi, hutumia umeme wa nyumba. Hita za tangi zenye taa ndogo inayopepesa mara nyingi hupata umeme wake kwenye moto wenyewe: moto mdogo wa kudumu, ambao mafundi huuita pailoti, hupasha kifaa kiitwacho themopaili, nacho huzalisha umeme mdogo unaotosha kuendesha bodi na kuvuta vali. Mtu asiyejua hilo huweza kutafuta plagi au betri ambayo haijawahi kuwepo.

Ikiwa hita yako ina kioo cha namba au taa ya kupepesa, andika msimbo unaouona kabla ya kuzima, kwani mara nyingi hufutika ukikata umeme. Tafuta maana yake kwenye kibandiko kilicho ndani ya kifuniko au kwenye kijitabu cha hita hiyo hiyo. Usichukue maana ya msimbo wa chapa moja ukaitumia kwenye chapa nyingine, kwa kuwa kila mtengenezaji ana orodha yake.

Jaribio la kusikiliza

Kwa hita ya papo hapo ya betri, jaribio lifuatalo ndilo ninaloanza nalo siku zote. Funga gesi. Fungua bomba la maji ya moto mpaka mwisho. Sogeza sikio karibu na hita, bila kugusa kitu, usikilize.

Ukisikia cheche zikilia mfululizo kwa sekunde kadhaa kisha zikanyamaza, umekwisha jua mambo makubwa matatu: maji yanatambuliwa, bodi ina uhai, na sehemu ya kutoa cheche inafanya kazi. Hitilafu iko mbele zaidi, kwenye gesi, kwenye koili ya vali (waya uliosokotwa unaovuta vali ya gesi ukipata umeme) au kwenye kuhisi moto. Ikiwa kimya kimetawala, kwa kawaida hitilafu iko nyuma: betri, mtiririko wa maji, swichi ya maji au mojawapo ya swichi za usalama. Kwa jaribio hilo moja, bila kufungua skrubu hata moja, umeigawa hita katika nusu mbili.

Baada ya hapo fungua gesi na urudie. Pamoja na cheche, unapaswa kusikia mlio mmoja mfupi, "tak", ambao ni wa koili ikivuta vali. Cheche bila "tak" humaanisha kwamba vali haikufunguka. "Tak" na cheche bila moto humaanisha kwamba vali imefunguka lakini gesi haikufika, au cheche inarukia mahali pasipofaa. Moto ukiwaka kisha ukazimika baada ya sekunde chache, hilo kwa kawaida ni tatizo la kuhisi moto, nami nitalieleza kwa kirefu hapo chini.

Ikiwa hakuna cheche

Anza na betri, lakini usiridhike kwa kuziona mpya. Betri iliyopumzika huweza kuonyesha volti nzuri kwenye multimita kisha ikaanguka mara tu inapoombwa kazi. Weka ncha za multimita kwenye vituo vya kisanduku cha betri, mwombe mtu afungue bomba la maji, na usome namba wakati cheche zinapolia au zinapopaswa kulia. Jumla ikishuka chini kabisa ya volti 3, kwa mfano kuelekea 2.4 au chini yake, badilisha zote mbili kwa pamoja, na uchague za alkali, kwani zile za bei rahisi za zinki na kaboni huchoka mapema chini ya mzigo wa koili na cheche. Tazama pia vibati na springi zinazoshika betri. Bafuni na jikoni kuna mvuke, na mvuke huleta utando wa kijani au mweupe juu ya springi, ambao kwa jicho huonekana kuwa uchafu mdogo tu ilhali kwa umeme ni ukuta. Usugue mpaka bati lionekane.

Betri zikiwa nzima, hamia kwenye maji. Hita nyingi za papo hapo hazianzi kufanya kazi mpaka mtiririko ufikie kiasi fulani, mara nyingi kati ya lita 2 na 3 kwa dakika. Chukua ndoo yenye alama ya lita, fungua maji ya moto, na upime kwa saa. Mtiririko ukiwa mdogo, hita haina kosa: safisha chujio lililo kwenye mdomo wa kuingizia maji na kichwa cha bomba la mvua, ambacho matundu yake huzibwa na chokaa. Bomba la kuchanganyia maji nalo huweza kudanganya, kwa sababu maji baridi yenye shinikizo kubwa huzuia yale ya moto yasipite, na hita ikaonekana mbovu ilhali maji hayapiti ndani yake.

Namna ya kutambua maji ni mbili. Hita za zamani na za bei nafuu zina kiwambo cha mpira ambacho hupinda maji yanapopita na kusukuma kijiti, nacho hubonyeza swichi ndogo. Kata maji, fungua kifuniko, na ubonyeze swichi hiyo kwa kidole huku gesi imefungwa. Cheche zikilia, bodi ni nzima, na tatizo ni kiwambo kilichochanika au kukakamaa, au kijiti kilichogandana na chokaa. Hita mpya zaidi zina gurudumu dogo lenye sumaku linalozungushwa na maji, na sensa inayohesabu mizunguko yake. Punje ya mchanga au kipande cha uzi wa kuzibia mabomba hutosha kulizuia lisizunguke. Likisafishwa na kuzunguka kwa kupuliziwa pumzi tu, kwa kawaida hurudi kazini.

Moto unawaka kisha unazimika

Hapa ndipo bodi nyingi nzima huondolewa bila hatia, kwa hiyo inafaa kuelewa jinsi moto unavyotambuliwa. Mwali wa gesi una chembe zenye chaji, na kwa sababu hiyo hupitisha umeme kidogo. Bodi hupeleka umeme wa mkondo geu, unaobadilisha upande mara kwa mara, kwenye elektrodi iliyozama ndani ya mwali. Kwa kuwa elektrodi ni nyembamba na kichomeo ni kipana, mkondo hupita kwa urahisi zaidi kuelekea upande mmoja kuliko mwingine, na kinachorudi kwenye bodi ni mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, mdogo mno, wa mikroampea chache tu. Bodi inatafuta mkondo huo na si mwingine. Waya uliolowa au uliogusa bati hupitisha umeme pande zote mbili sawasawa, kwa hiyo hauwezi kuigiza moto. Ni ulinzi wa hali ya juu, lakini unadai usafi.

Fuata njia nzima ya mkondo huo kwa kidole: kutoka kwenye bodi, kupitia waya, hadi kwenye elektrodi, ndani ya mwali, kwenye chuma cha kichomeo, kwenye mwili wa hita, kwenye skrubu ya ethi, na kurudi kwenye bodi. Mahali popote njia hii inapokatika, bodi haioni moto hata kama wewe unauona kwa macho yako. Skrubu ya ethi iliyolegea au kushika kutu ni sababu ya kawaida mno, nayo hurekebishwa kwa bisibisi na kipande cha pamba ya chuma.

Niliwahi kuitiwa hita iliyokuwa imebadilishiwa bodi mara mbili. Iliwaka vizuri, ikazimika baada ya kama sekunde tano, ikawaka tena, ikazimika. Elektrodi ilikuwa safi, ethi imekazwa. Nilipoitoa elektrodi na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha, niliona mstari mwembamba kama unywele kwenye kauri yake nyeupe, upande ule usioonekana ikiwa imefungwa, na juu ya mstari huo utando wa masizi. Mkondo ule mdogo ulikuwa ukivujia kwenye bati kupitia ufa huo kabla haujaufikia mwali. Elektrodi mpya ilimaliza kazi. Tangu siku hiyo sikagui elektrodi bila kuitoa.

Kwa hiyo zima hita, acha ipoe, toa elektrodi na utazame ncha na kauri yote kuizunguka. Ncha yenye utando wa kijivu au mweupe isafishwe taratibu kwa pamba laini ya chuma na kitambaa kikavu. Msasa mkali usitumike kwa sababu huacha mikwaruzo inayokusanya uchafu upya. Kauri yenye ufa haitengenezeki, ibadilishwe. Unaporudisha, hakikisha ncha inakaa ndani ya mwali, maana elektrodi iliyopinda milimita chache tu huweza kuukosa. Kuna hita ambazo elektrodi moja hutoa cheche na kuhisi moto pia, na nyingine zina mbili, basi fuata waya ili ujue ipi ni ipi.

Mwenye multimita inayopima mikroampea za mkondo mnyoofu anaweza kuiunganisha kwa mfululizo kati ya waya na elektrodi ya kuhisi, pale tu elektrodi hiyo isipokuwa ya cheche pia. Kiwango kinachokubalika kimeandikwa kwenye kijitabu cha kila hita. Kinachotazamwa ni kwamba namba iwe tulivu. Namba inayoyumba huelekeza kwenye mwali unaopeperuka, pengine kwa upepo au kichomeo kilichoziba.

Hita ya tangi yenye themopaili

Taa ya bodi isipopepesa kabisa, huenda pailoti imezimika au themopaili haitoi umeme wa kutosha. Fuata hatua za kuwasha zilizobandikwa kwenye tangi. Kabla ya kuwasha tena, funga gesi na usubiri angalau dakika 5 ili gesi iliyobaki itawanyike; kama bodi ilikuwa imejifunga kwa hitilafu, kusubiri karibu dakika 10 hufaa zaidi, maana themopaili hupoa na bodi hupoteza umeme wote, ikaanza upya. Unaposhikilia kitufe cha pailoti, kuwa na subira, kwa sababu taa huweza kuchukua zaidi ya dakika moja kabla ya kuanza kupepesa. Wengi hukiachia mapema, pailoti ikazimika, wakasema hita imekufa.

Pailoti ikikaa lakini bodi haiamki, pima themopaili. Ikiwa imechomolewa kwenye bodi na pailoti inawaka, themopaili nzima kwa kawaida hutoa milivolti 400 hadi 750. Isichanganywe na themokapo ya hita za zamani, ambayo hutoa milivolti 25 hadi 30 tu na kwa hiyo huonekana mbovu kwa anayetarajia mamia. Kipimo kikiwa cha chini, usikimbilie dukani. Tazama kwanza mwali wa pailoti: uwe wa buluu, wenye nguvu, na uzingire ncha ya themopaili. Mwali mdogo wa njano unaolegea hutokana na tundu lililozibwa na vumbi au utando wa buibui, na tundu likisafishwa, milivolti hupanda zenyewe.

Bodi hizi husoma joto la maji kwa themista, ambayo ukinzani wake hupungua maji yanapopata moto. Aina iliyoenea huwa na omu 10,000 kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi, na hushuka hadi takriban 3,600 kwenye nyuzi 50. Ipime ikiwa baridi, kisha uipashe na upime tena. Namba iteremke polepole bila kurukaruka. Ikisoma sifuri, nyaya zimegusana. Isiposoma kitu, waya umekatika.

Swichi za usalama si za kuunganishwa

Kwenye mwili wa kubadilishia joto kuna swichi ndogo ya bati inayofunguka joto likizidi, na kwenye njia ya moshi kuna nyingine inayofunguka moshi ukirudi chumbani. Zikiwa baridi, zote zinapaswa kuwa zimefunga saketi, na multimita ionyeshe karibu omu sifuri. Ikiwa moja imefunguka ikiwa baridi na haina kitufe cha kuirudisha, ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile cha joto.

Wapo wanaozikata na kuunganisha nyaya zake moja kwa moja ili hita iwake. Naomba kwa dhati usifanye hivyo, hata kwa kujaribu usiku mmoja. Swichi ya moshi inayokata hita kila baada ya dakika kumi inakuambia kwamba moshi hautoki, na kuinyamazisha ni kuwaacha watu wa nyumba hiyo walale na monoksidi ya kaboni. Kagua bomba la moshi kama limezibwa na kiota, limepinda au limechomoka. Swichi ya joto inayokata mara kwa mara huashiria chokaa ndani ya mabomba, au maji machache kuliko moto uliochaguliwa.

Bodi yenyewe

Umeme unafika, maji yanatambuliwa, swichi zimefunga, elektrodi ni safi, ethi imekazwa, na bado hita haiwaki. Sasa tu ndipo bodi inapohojiwa. Chomoa kila plagi ndogo ya nyaya na uitazame pini moja moja kutafuta kutu ya kijani, kisha uirudishe kwa nguvu ya kutosha. Zaidi ya mara moja hita imewaka kwa kitendo hicho pekee. Kagua fyuzi, sehemu zilizoungua na kapasita zilizovimba. Halafu pima kwenye nyaya za koili ya vali wakati cheche zinalia. Volti zikifika na "tak" isisikike, koili au vali ndiyo mbovu, na hapo fundi wa gesi aitwe. Volti zisipofika ilhali masharti yote yametimia, bodi imekufa, na mpya inunuliwe kwa namba ya modeli iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, si kwa kufanana kwa umbo.

Baada ya kurudisha kila kitu, fungua gesi na upake maji ya sabuni kwenye viungo vilivyo karibu na ulipofanyia kazi. Mapovu yakikua, funga gesi na uite fundi. Washa na kuzima hita mara tatu, ya mwisho ikae ikiwaka kwa dakika kumi, na utazame kama miali ni ya buluu na imetulia. Rekebisha joto pia: maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, hivyo penye watoto au wazee maji yanayotoka bombani yawe karibu na nyuzi 49. Kwa hita ya tangi, usishushe joto la tangi lenyewe chini ya 60 bila ushauri, kwa sababu bakteria wa lejionela huzaliana katika maji ya uvuguvugu. Tumia vali ya kuchanganyia. Kisha andika tarehe, volti za betri chini ya mzigo au milivolti za themopaili, na ukinzani wa themista kwenye karatasi ndogo, uibandike ndani ya kifuniko, ili atakayeifungua mara nyingine awe na namba za wakati hita ilipokuwa nzima.